Kidole Baridi, Pumzi ya Haraka: Utulivu na Mwili wa Mtu wa Nyanda za Juu

Asubuhi ya Julai, katika zahanati za vijijini Mbeya na Mufindi, kuna kazi moja ndogo inayomchelewesha muuguzi. Anambana mgonjwa kidole kwa kipima oksijeni, kile kidude chenye taa nyekundu, kisha anasubiri. Namba haziji. Kioo kinaonyesha vistari vitupu, au kinatoa namba ya kutisha isiyolingana kabisa na mama aliyekaa mbele yake akiongea vizuri. Muuguzi mzoefu hababaiki. Anaushika mkono ule, anausugua, anaufunika kwa kitenge na kumwambia, "Tulia kidogo, mama, wala usiwe na wasiwasi." Baada ya dakika chache kifaa kinasoma.

Kifaa hakikuwa kibovu. Kinafanya kazi kwa kufuata mapigo ya damu inayopita chini ya ngozi, na kidole kile kilikuwa kimefungiwa damu. Muuguzi alifanya mambo mawili kwa mpigo: alimpasha joto mgonjwa na alimtuliza. Lipi kati ya hayo lililofungua mishipa? Hapo ndipo swali la utulivu wa mwili linapokuwa gumu kwa mtu wa nyanda za juu kuliko kwa mtu wa Tanga au Lindi. Mengi yaliyoandikwa kuhusu utulivu wa kina husema kwamba mtu akitulia vidole hupata joto na pumzi hupungua kasi. Ni kweli. Lakini Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na Iringa mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai jijini Mbeya joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mahali kama hapa vidole vina sababu nyingine ya kuwa baridi, na watu wana njia nyingine za kujipasha joto zisizohusiana na utulivu hata kidogo. Ngozi peke yake inaweza kumdanganya mtu. Pumzi peke yake nayo inaweza. Zikisomwa pamoja, zinasema ukweli mwingi zaidi.

Njia moja kwa baridi na kwa hofu

Mtu mzima aliyepumzika mahali pasipo na baridi wala joto kali, ngozi yake yote hupitisha damu isiyozidi nusu lita kwa dakika. Joto likiwa kali sana, kiasi hicho huweza kufika lita 6 hadi 8 kwa dakika, na moyo hulazimika kufanya kazi ya ziada ili tu kuupoza mwili. Baridi ikiingia, damu ya ngozi hupungua hadi kubaki kidogo mno. Ni sehemu chache za mwili zenye mabadiliko makubwa namna hiyo bila mtu kunyanyua hata mguu.

Mabadiliko hayo yanaonekana zaidi viganjani, kwenye nyayo, masikioni, puani na midomoni. Sehemu hizo zina vipito vya mkato vinavyounganisha moja kwa moja mishipa inayoleta damu na ile inayoirudisha moyoni. Vikifunguka, damu ya moto hujaa vidoleni. Vikifungwa, vidole hupoa kama vya mtu aliyechota maji mtoni alfajiri. Unaovifunga ni mfumo wa neva wa simpathetiki, yaani zile neva zinazouweka mwili tayari kwa dharura. Neva hizo huamka mtu anapopigwa na upepo wa Iringa. Huamka pia anapoitwa jina kwenye chumba cha daktari, anapodaiwa kodi ya nyumba, au anapokumbuka jambo baya. Kwenye kidole, baridi na hofu hupita njia ileile.

Kwa hiyo utulivu wa kina hauongezi kitu kipya kwenye ngozi. Unachofanya ni kupunguza amri ya kubana. Neva zinapolegeza, vipito hufunguka vyenyewe na joto la kidole hupanda. Mwaka 1932 daktari wa Kijerumani Johannes Heinrich Schultz alichapisha kitabu kuhusu mafunzo ya kujituliza ambapo mtu hulala au hukaa akijisemea kwamba mkono wake ni mzito, kisha kwamba una joto. Wengi waliofanya mazoezi hayo kwa muda waliona mikono ikipata joto kweli. Miaka 50 baadaye Herbert Benson, daktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliwapima watawa watatu wa Kibudha kutoka Tibet walioishi Dharamsala, India. Katika taarifa yake ya 1982, joto la vidole vya mikono na miguu lilikuwa limepanda kwa hadi nyuzi 8.3 wakati wa tafakuri yao.

Kwa ngozi nyeusi kuna jambo la kuzingatia. Vitabu vingi husema mtu aliyetulia "huiva" uso na mwenye hofu "hupauka". Kwetu dalili hizo hazionekani shavuni. Tazama kiganja, kucha na upande wa ndani wa mdomo, au weka mgongo wa mkono wa mtu shavuni pako usikie joto lake.

Pumzi, kazi yenye mabwana wawili

Moyo huwezi kuuamuru usimame, wala tumbo liache kusaga chakula. Pumzi unaweza kuizuia, kuirefusha, au kuiachia ijiendee yenyewe. Ukiiachia, inaongozwa na kundi dogo la seli kwenye shina la ubongo, ambalo watafiti walilitambua mwaka 1991. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waligundua kwa panya kwamba baadhi ya seli za kundi hilo hupeleka habari kwenye sehemu ya ubongo inayoamsha tahadhari. Walipoziondoa seli hizo, panya waliendelea kupumua, lakini wakawa watulivu isivyo kawaida. Maana yake ni kwamba ubongo nao huisikiliza pumzi. Pumzi ya haraka huutaarifu kwamba kuna jambo, na pumzi ya taratibu hupunguza taarifa hiyo.

Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anapovuta pumzi, mapigo ya moyo huongezeka kasi kidogo. Anapoitoa, hupungua. Carl Ludwig aliliona jambo hilo huko Ujerumani mwaka 1847. Shinikizo la damu nalo lina mawimbi yake, wimbi moja kwa takriban kila sekunde 10. Mtu akipumua mara 6 kwa dakika, kila pumzi huchukua sekunde 10, na mawimbi hayo mawili huenda sambamba. Hapo vihisio vya shinikizo vilivyo shingoni na karibu na moyo hufanya kazi kwa wepesi zaidi, na mfumo wa dharura hulegea.

Watu wameufikia mwendo huo bila saa wala mashine. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake wa Italia walipima watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini na kutamka mantra za yoga. Njia zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu mara 6 kwa dakika na kuongeza wepesi wa vihisio vya shinikizo. Huhitaji kwenda mbali kuona hilo lina maana gani Iringa, ambako misheni ya Kikatoliki ya Tosamaganga imekuwa ikisali rozari tangu miaka ya 1890. Msomaji Mwislamu atautambua mwendo uleule katika uradi unaosomwa taratibu kwa tasbihi. Rungwe, ambako Wamoravian walifika mwaka 1891, kazi hiyo hufanywa na kwaya, kwa sababu wimbo wa taratibu humlazimisha mwimbaji kuvuta pumzi upesi na kuitoa kwa muda mrefu. Mwaka 2013 watafiti wa Göteborg, Sweden, walionyesha kwamba mapigo ya moyo ya wanakwaya huanza kupanda na kushuka pamoja kadiri wanavyoimba.

Hata hivyo, si kila dai la kisayansi kuhusu utulivu linasimama imara. Benson na wenzake walichapisha mwaka 1971 kwamba matumizi ya oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 17 wakati wa tafakuri. Mwaka 1984 mwanasaikolojia David Holmes alipitia tafiti za aina hiyo, akahitimisha kwamba kukaa kimya na kupumzika tu huleta karibu mabadiliko yaleyale. Pingamizi hilo halimpunguzii mtu wa kawaida chochote. Linamwambia kwamba hahitaji kununua mafunzo ya bei ghali ili mwili wake utulie.

"Vuta pumzi ndefu" ni ushauri nusu

Mtu akishtuka, kila aliye karibu humwambia avute pumzi ndefu. Mwaka 1936 madaktari watatu huko London, Bolton, Carmichael na Stürup, walionyesha jambo linalopingana na ushauri huo: mtu akivuta pumzi moja ya nguvu na ya ghafla, mishipa ya vidole hubana ndani ya sekunde chache. Jaribu wakati kipima oksijeni kipo kidoleni. Vuta pumzi kwa nguvu na utazame mawimbi ya mapigo kwenye kioo yakisinyaa, kisha yakirudi taratibu.

Kinachotuliza, basi, ni mwendo wa taratibu na kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 uliwapa watu zoezi la dakika 5 kila siku kwa mwezi mmoja. Waliovuta pumzi mara mbili mfululizo kisha wakaishusha polepole kwa mdomo ndio walioripoti nafuu kubwa zaidi ya hisia zao kuliko waliofanya tafakuri ya kawaida, na kasi ya pumzi yao ilishuka hata wakati wa mapumziko.

Kwa kundi moja la Watanzania, tofauti hiyo kati ya pumzi ya ghafla na ya taratibu ina uzito wa pekee. Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kwao damu inapopunguza mwendo kwenye mishipa midogo, chembe nyekundu zenye umbo la mundu huweza kuiziba, na maumivu makali yakaanza. Baridi ni kichocheo kinachojulikana, na ndiyo maana wazazi wa Mbeya na Makete huambiwa wawavishe watoto hao sweta na soksi bila kuchoka. Watafiti wa hospitali ya watoto ya Los Angeles walionyesha mwaka 2011 kwamba kwa wagonjwa wa selimundu, kuvuta pumzi moja kubwa ya ghafla hufuatwa mara nyingi zaidi na kubana kwa mishipa ya vidole. Baadaye kundi hilo la watafiti likaonyesha kwamba hata msongo wa mawazo hubana mishipa hiyo. Mtoto mwenye selimundu anayetishwa shuleni kwa fimbo katikati ya Julai anabanwa mishipa mara mbili kwa wakati mmoja.

Joto lisilotokana na utulivu

Nyanda za juu, mkono wa joto na pumzi ya taratibu vinaweza kuwa na asili mbaya. Pombe ni mfano wa kwanza. Ulanzi au komoni hufungua mishipa ya ngozi, mnywaji akahisi joto na kulegea. Lakini joto hilo linatoka ndani ya mwili na kupotelea nje. Mtu aliyelala njiani Makambako akiwa ameshiba pombe, huku mikono ikiwa na joto, yuko hatarini zaidi kuliko mwenzake anayetetemeka.

Jiko la mkaa ni mfano wa pili, na ndio wenye kuua. Juni hadi Agosti watu wengi huliingiza jiko chumbani na kufunga dirisha. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi mara 200 ya oksijeni. Kichwa huuma, mwili hulegea, usingizi huja. Anayelala humo huweza kudhani ametulia. Kipima oksijeni nacho hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hiyo, hivyo huonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Jiko likae nje hata likiisha moshi, na lisilale na watu ndani.

Mfano wa tatu ni maji ya moto, na huu ni mzuri. Mwaka 1999 watafiti wa Basel, Uswisi, walionyesha kwamba mtu ambaye mikono na miguu yake ina joto hupata usingizi haraka zaidi. Sababu yake inashangaza kidogo: ngozi inapofunguka, joto la ndani hutoka, kiini cha mwili hupoa, na ubongo huchukua dalili hiyo kama wito wa kulala. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2019 uliona kwamba kuoga maji ya nyuzi 40 hadi 42.5, saa moja au mbili kabla ya kulala, hupunguza muda wa kusubiri usingizi kwa takriban dakika 10. Ndoo ya maji ya moto, ambayo kaya nyingi za Mbeya hujiandalia jioni kwa sababu ya baridi, inatimiza kazi hiyo bila kuhesabiwa kama tiba. Kulowesha miguu kwenye beseni kunatosha pale maji yanapokuwa machache.

Mwinuko nao una nafasi yake, ingawa ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Mbeya, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar es Salaam. Mkazi aliyezoea hausikii upungufu huo. Mgeni kutoka pwani huhema akipanda Loleza, lakini akikaa hutulia kama mwingine yeyote. Kwa wanaolala kwenye uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,500, baadhi ya wageni huweza kupumua kwa vipindi usingizini: pumzi kadhaa za haraka, kisha kimya kifupi, kisha pumzi tena. Kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi hilo hupita baada ya siku chache.

Kusoma ngozi na pumzi kwa pamoja

Baridi ya kawaida ya chumbani hubana vidole lakini haiharakishi pumzi sana. Hofu hufanya yote mawili. Kwa hiyo mkono wa baridi na pumzi ya kawaida kwa kawaida ni hali ya hewa. Mkono wa baridi na pumzi ya haraka ni wasiwasi au ugonjwa, na hapo haitoshi kumwambia mtu atulie. Mkono wa joto na pumzi ya taratibu ni utulivu, mradi hakuna pombe wala jiko.

Hospitalini, hesabu hii ina matokeo ya moja kwa moja. Wahudumu wa afya hutambua uwezekano wa nimonia kwa mtoto kwa kuhesabu pumzi zake. Kikomo ni 60 kwa dakika kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Mtoto anayelia huvuka mipaka hiyo akiwa mzima kabisa. Ndiyo sababu miongozo inataka ahesabiwe akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Mhudumu anayehesabu kwa sekunde 15 huku mtoto akipiga kelele kwa kuvuliwa shati kwenye chumba cha baridi anaandika hesabu ya kilio.

Presha nayo hupanda kwa baridi na kwa hofu. Kupima kunataka mtu awe amekaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini. Kwenye foleni ya kliniki ya Jumatatu dakika hizo hukatwa, na mtu aliyeshuka sasa hivi kwenye bodaboda, mikono ikiwa kama barafu, akaanzishiwa dawa za maisha au kuambiwa dozi haimtoshi.

Kipima oksijeni kina tatizo la ziada. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliochapishwa Desemba 2020, ulilinganisha vipimo vya kidole na vya damu ya ateri. Pale kifaa kilipoonyesha oksijeni asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya 3.6 kwa wazungu. Kidole cheusi chenye baridi kina sababu mbili za kusomwa vibaya, na namba nzuri haipaswi kumzuia muuguzi kuhesabu pumzi kwa macho yake.

Je, utulivu unatibu presha? Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2008, yaliyokusanya majaribio 25, yaliona presha ikishuka kwa wastani wa 5.5 kwa namba ya juu na 3.5 kwa namba ya chini. Lakini majaribio mengi yalikuwa dhaifu, na yale yaliyolinganishwa na mazoezi bandia yalionyesha tofauti ndogo isiyothibitika. Chama cha Moyo cha Marekani, katika tamko lake la 2013, kilikubali kupumua taratibu kwa kuongozwa na kifaa kama nyongeza inayofaa, na tafakuri kikaiweka ngazi ya chini zaidi. Anayemeza vidonge aendelee kuvimeza. Mwenye pumu inayobana, maumivu ya kifua, au mapafu yaliyoharibiwa na moshi wa kuni asijilazimishe kupunguza pumzi. Apelekwe hospitali.

Kwa mwingine, utaratibu unaofaa Mbeya na Iringa unaanza na joto. Jifunike, vaa soksi, dirisha liwe wazi kidogo. Kaa, toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, uhesabu pumzi 6 kwa dakika, dakika 5 zinatosha. Atakayeanza na pumzi huku miguu imeganda atakuwa anabishana na hali ya hewa, na hali ya hewa itashinda. Kituo cha afya nacho kingefaidika kwa kufuata utaratibu huohuo: sehemu ya kusubiria isiyopigwa na upepo, dakika 5 za kukaa, kisha ndipo presha, pumzi na oksijeni zipimwe. Hakuna mashine mpya inayohitajika. Kinachohitajika ni kukubali kwamba Julai, kumpasha mgonjwa joto na kumtuliza ni sehemu ya kipimo chenyewe, na namba iliyoandikwa bila hayo mawili haifai kumwanzishia mtu dawa.